Riba Inapopanda, Nani Huachwa Nje ya Lango la Kazi?

Tangu Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya ianze kupunguza riba yake mnamo Agosti 2024, barua nyingi zilizotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: uamuzi wa watu wachache Nairobi kuhusu bei ya pesa humfikiaje mtu anayetafuta kazi, na kwa nini humfikia mmoja kwa kishindo na mwingine usimguse kabisa? Tumechagua barua tano, tukazifupisha, na majibu yake ni haya.

Nimekuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha hapa Nakuru kwa muda mrefu. Riba zilipopanda mwaka 2023, waajiriwa wa kudumu hawakuguswa wala mishahara yao haikupunguzwa. Lakini sisi tuliokuwa tukiitwa siku sita kwa wiki tukawa tunaitwa siku mbili, na vijana wapya wakaacha kuandikwa. Baadaye nikamsikia mchambuzi redioni akisema kwamba soko la ajira limestahimili vyema. Mbona sielewi? — Msomaji, Kaptembwo, Nakuru

Ndugu yetu wa Kaptembwo, ulichokiona ni sahihi, na kinaeleza jinsi sera ya fedha inavyofanya kazi kuliko takwimu nyingi zinavyoeleza.

Benki Kuu ilikuwa imeishikilia riba yake, ambayo benki za biashara huitazama zinapopanga riba za mikopo, katika asilimia 7 tangu Aprili 2020. Mei 2022 ilianza kuipandisha kwa sababu bei za vyakula na mafuta zilikuwa zikipaa. Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, ilhali kikomo cha juu cha lengo la serikali ni asilimia 7.5. Juni 2023 riba ilikuwa asilimia 10.5, Desemba ikawa 12.5, na Februari 2024 ikafika 13. Kiwanda kinachonunua malighafi kwa mkopo na kusubiri miezi kadhaa kabla ya kulipwa na wateja huona gharama zake zikiongezeka karibu mara moja, na wateja wenyewe, ambao nao wana mikopo ya kulipa, hupunguza maagizo yao. Mwenye kiwanda lazima apunguze matumizi mahali fulani, na swali ni wapi.

Mishahara ya waajiriwa wa kudumu ni vigumu kuigusa. Mingi imewekwa kwa mkataba wa makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na chini yake kuna kima cha chini kilichowekwa na serikali. Hata pasipokuwa na mkataba, mwajiri anaogopa kwamba atakayepunguziwa mshahara atapunguza bidii, na kwamba aliye hodari zaidi ndiye atakayetangulia kuondoka. Kuwafuta nako kuna gharama zake. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, kisha amlipe kila anayeondoka mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Mtu aliyetumikia miaka kumi huondoka na malipo ya siku 150. Zaidi ya hayo, yeye ndiye anayeijua mashine inayokwama kila mvua inaponyesha, na maarifa hayo hayapatikani tena kwa kubandika tangazo langoni.

Kinachobaki ni saa za kazi na nafasi mpya. Hapo ndipo ulipo wewe. Kibarua anayelipwa kwa siku huweza kuachwa nyumbani bila notisi wala malipo ya kuachishwa. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinakusudia kumkinga kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja, kwa kumhesabu kuwa ana mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Lakini ulinzi huo humpa mwajiri asiye na uhakika wa maagizo yake sababu ya kukatiza siku za kibarua kabla mwezi haujatimia.

Hizi gharama na vizuizi vyote, vya kumtafuta mfanyakazi, kumfunza, kupatana naye mshahara na kuachana naye, ndivyo wanauchumi wanavyoviita misuguano ya soko la ajira. Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010 kwa kuchunguza masoko ambamo anayetafuta na anayetafutwa hawakutani mara moja wala bila gharama. Katika mtazamo wao, kumwandika mtu mpya ni uwekezaji: mwajiri anatumia pesa leo kutangaza nafasi, kusaili na kufunza, kisha anavuna kidogo kidogo kwa miaka. Kama ilivyo kwa kila uwekezaji wa namna hiyo, riba ikipanda, mavuno ya mbali hupungua thamani leo, na nafasi iliyokuwa itangazwe huachwa. Ndiyo maana athari ya kwanza ya riba haionekani kwa walio ndani ya kiwanda. Huonekana langoni.

Na takwimu? Kwa kanuni ya kimataifa inayofuatwa katika tafiti za nguvukazi, mtu aliyefanya kazi kwa malipo au faida hata saa moja katika wiki inayochunguzwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Wewe uliyeshuka kutoka siku sita hadi siku mbili ungali una kazi katika hesabu hiyo, na kijana ambaye hakuandikwa, akienda kuuza mahindi ya kuchoma barabarani, naye ana kazi. Mchambuzi hakudanganya, lakini alitazama kipimo ambacho hakikuundwa kuona kilichokupata. Mimi naamini kwamba katika nchi kama yetu, siku za kazi za vibarua na idadi ya walioandikwa upya zinapaswa kutangazwa mara kwa mara na kuwekwa mezani pa Kamati ya Sera ya Fedha kwa uzito uleule wa mfumuko wa bei, kwa kuwa hapo ndipo riba inapouma kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba misuguano ya soko la ajira huipa sera ya fedha nguvu zaidi. Mwingine akasema huidhoofisha. Nani amekosea? — Mwanafunzi, Maseno

Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja anazungumzia msuguano tofauti, na huenda wanamaanisha nguvu juu ya vitu tofauti. Anza kwa kuuliza: nguvu juu ya bei, au nguvu juu ya kazi?

Chukua mishahara isiyoshuka. Benki Kuu ikipandisha riba, mahitaji ya bidhaa yanapungua. Kama mishahara ingeshuka upesi, gharama za uzalishaji zingeshuka, bei zingeshuka, na watu wengi wangebaki kazini kwa malipo madogo zaidi. Mishahara ikikataa kushuka, gharama hazisogei sana, bei zinasitasita, na pengo lote linazibwa kwa kupunguza uzalishaji na kazi. Basi msuguano huo unaipa riba nguvu kubwa juu ya kazi na nguvu ndogo juu ya bei, na Benki Kuu inayotaka kuteremsha mfumuko kwa kiasi kilekile italazimika kuwagharimu watu wengi zaidi ajira zao. Wanauchumi Olivier Blanchard na Jordi Galí, katika makala waliyochapisha mwaka 2010, walionyesha kwamba pale ambapo kuajiri kuna gharama na mishahara haibadiliki kwa urahisi, Benki Kuu inayotazama mfumuko wa bei peke yake huacha ukosefu wa ajira ukiyumba zaidi na kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, na hali huwa nzito zaidi katika soko ambalo watu huingia na kutoka kazini polepole.

Wakati nao una nafasi yake. Giovanni Olivei na Silvana Tenreyro walichunguza Marekani, ambako kampuni nyingi hupanga mishahara upya kuelekea mwisho wa mwaka, na katika makala yao ya mwaka 2007 wakaonyesha kwamba mabadiliko ya riba yanayotokea katika nusu ya kwanza ya mwaka hutikisa uzalishaji sana, ilhali yanayotokea baadaye huwa na athari ndogo, kwa kuwa mishahara iko karibu kurekebishwa. Nikisoma matokeo yao naifikiria kalenda yetu. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa, kikitangazwa, tarehe 1 Mei, na wala si kila mwaka: baada ya nyongeza ya asilimia 5 mwaka 2018 hakukuwa na nyingine hadi ile ya asilimia 12 mwaka 2022. Mikataba mingi ya makubaliano ya pamoja nayo hudumu miaka miwili. Riba inayopanda miezi mitatu baada ya mikataba kutiwa sahihi inakuta mishahara imefungwa, na mzigo unaangukia ajira. Ikipanda wakati mikataba inajadiliwa, sehemu ya mzigo huingia katika mazungumzo hayo. Hili ni jambo ambalo mwanafunzi wa Maseno angeweza kulipima kwa takwimu za Kenya, na ningefurahi sana kuusoma utafiti wake.

Gharama za kuwafuta watu, kwa upande mwingine, hupunguza nguvu ya riba juu ya kazi kwa muda mfupi, maana mwajiri huvumilia na wafanyakazi alionao. Lakini humfanya asite kuajiri baadaye. Kisha kuna sekta ya juakali, yaani kazi zisizo rasmi, ambayo vitabu vingi vya nje huipa aya moja tu. Kwa hesabu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nje ya kilimo kidogo wako huko. Huko malipo hayana mkataba: mapato ya fundi au mama mboga hushuka siku hiyohiyo wateja wanapopungua. Kwa hiyo soko letu lina sehemu mbili zinazoitikia riba kwa njia mbili. Upande rasmi hupunguza kuajiri. Upande wa juakali hupokea waliokosa nafasi, kisha mapato ya wote waliomo yanagawanywa kwa watu wengi zaidi. Idadi ya wenye kazi haishuki, ila sufuria ya jioni ndiyo inayopungua.

Ongeza kwamba mfumuko wetu mara nyingi hutokana na unga, mboga, mafuta ya petroli na thamani ya shilingi, wala hautokani na mishahara kufukuzana na bei. Riba haileti mvua. Inaweza kuitegemeza shilingi na kuzuia bei za vyakula zisiambukize bei nyingine, na hilo ni jambo kubwa, lakini ukiitumia kupigana na ukame utaumiza soko la ajira kwa faida ndogo.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba riba ya juu lazima ijaze mitaa watu wasio na kazi. Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri mnamo Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mnamo Julai 2023. Wanauchumi mashuhuri walibishana hadharani: baadhi, akiwamo Blanchard, walitabiri kwamba ukosefu wa ajira ungepanda sana; wengine, akiwamo Christopher Waller wa benki kuu ya nchi hiyo, wakasema kwamba kulikuwa na nafasi nyingi mno zisizojazwa, karibu mbili kwa kila mtu asiye na kazi, hivyo nafasi zingepungua kabla ya watu kufutwa. Ikawa hivyo. Mwaka wote wa 2023 ukosefu wa ajira ulibaki chini ya asilimia 4, huku mfumuko ukishuka kutoka asilimia 9.1 Juni 2022 hadi 3.4 Desemba 2023. Lakini angalia sharti lake: kulikuwa na nafasi tupu za kupoteza. Nakuru na Kisumu hazina nafasi mbili kwa kila mtafutaji mmoja. Kwetu sisi, kila nafasi inayofutwa tayari ina foleni mbele yake, na kwa sababu hiyo mimi siamini kwamba simulizi la Marekani linaweza kututuliza.

Nina karakana ya samani Kisumu. Natangaziwa kila baada ya miezi miwili kwamba riba imeshuka, na vijana wanakuja kuniuliza kazi. Mkopo wangu wa Sacco haujabadilika hata shilingi moja, na mafundi wawili niliowaachisha mwaka juzi siwapati tena. Nifanye nini? — Mama mwenye karakana, Kondele

Mama, umeyagusa mambo mawili ambayo hutenganishwa, nawe umeyaona pamoja.

La kwanza ni kwamba kushuka kwa riba ya Benki Kuu, kutoka asilimia 13 hadi 9.25 kufikia Oktoba 2025, hupitia kwanza katika benki za biashara, nazo huchelewa. Mwishoni mwa 2024 wastani wa riba zao kwa wakopaji ulikuwa ungali takriban asilimia 17. Sacco nyingi hutoza kiwango kilichokubaliwa na wanachama, mara nyingi asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na hakipandi wala kushuka na maamuzi ya Nairobi. Mikopo ya simu iko mbali zaidi: M-Shwari, kwa mfano, imekuwa ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, iwe riba ya Benki Kuu imepanda au imeshuka. Uliza benki yako kama mkopo wake sasa ni nafuu kuliko wa Sacco. Kama sivyo, baki ulipo. Kwako wewe kushuka kwa riba kutakuja kwa mlango wa wateja, pale wenye mishahara watakapoanza tena kuagiza vitanda na makabati.

La pili ni zito zaidi. Fundi aliyeachishwa hasubiri. Mmoja huenda bodaboda, mwingine hurudi nyumbani kulima, mwingine huvuka kwenda Uganda, na mkono usioshika randa kwa miaka miwili hupoteza wepesi wake. Wakazi wa Webuye wanalijua vizuri jambo hili: kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009, kwa sababu zilizo nje ya mjadala wetu, mafundi waliojua mitambo ile walitawanyika, na umahiri wao ukatawanyika pamoja nao. Blanchard na Lawrence Summers walieleza mwaka 1986, wakiitazama Ulaya, jinsi ukosefu wa ajira unavyoweza kuendelea muda mrefu baada ya chanzo chake kuondoka. Kwa hiyo riba iliyopanda kwa miezi ishirini haifutwi na riba iliyoshuka kwa miezi ishirini. Kuachisha huchukua siku moja. Kumpata mtu, kumwamini na kumfunza huchukua muda mrefu, hasa katika mji ambao mafundi hupatikana kwa kuulizia ndugu na marafiki.

Ningekushauri umchukue kijana mmoja sasa kama mwanagenzi, kwa malipo mliyokubaliana kwa maandishi, kabla maagizo hayajarudi yote. Wenye karakana wengi watasubiri wateja wajae ndipo watafute mafundi kwa wakati mmoja, na bei ya fundi mzuri itakuwa imepanda.

Sisi wa mashamba ya maua tunauza Ulaya. Riba ya Kenya inatuhusu nini? — Mfanyakazi, Naivasha

Inawahusu kupitia shilingi. Mwajiri wenu hulipwa kwa fedha za kigeni na kuwalipa ninyi kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Katika nusu ya pili ya mwaka huo ilikuwa karibu 129, na riba ya juu, inayowavutia wawekezaji wa nje kuweka pesa zao katika shilingi, ilichangia, pamoja na serikali kufaulu kulipa deni kubwa la nje lililokuwa likihofiwa. Mfuko uleule wa maua ukaleta shilingi chache zaidi, huku mishahara ikiwa imefungwa na mkataba. Waajiriwa wenye mkataba walinufaika kwa bei zilizotulia. Wa msimu ndio waliokuwa katika hatari ya kutoitwa. Chama chenu kinapojadili mkataba ujao, kidai idadi ya siku za kazi za watu wa msimu iandikwe humo, wala kisiishie kwenye nyongeza ya mshahara.

Kijana wetu amemaliza kozi ya umeme katika chuo cha ufundi. Ndugu yetu aliye Nairobi anasema riba zimeshuka, kazi zimefunguka, tumpe nauli aende. Tunaogopa. — Wazazi, Bungoma

Wazazi wetu, hofu yenu ina historia ndefu, na imeandikwa kutokana na nchi hii hii. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira, waajiri binafsi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, huku wafanyakazi wakikubali kutodai nyongeza ya mishahara. Nafasi zilipotangazwa, watu waliacha mashamba na kumiminika mijini kuzitafuta. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, ambao waliifahamu Kenya kwa karibu, walieleza katika makala yao ya mwaka 1970 kwamba mtu haondoki kijijini kwa sababu ya kazi aliyoipata, bali kwa sababu ya mshahara wa mjini ukizidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Hivyo, ajira za mjini zikiongezeka kidogo, foleni ya wanaozitafuta inaweza kurefuka zaidi ya ajira zenyewe.

Hilo linatumika kwa riba pia. Riba ikishuka, habari hufika Bungoma kabla ya nafasi za kazi kufunguka Nairobi, kwa sababu mwajiri husubiri aone kama wateja wamerudi kweli. Katika mwaka 2024, ambao riba ilianza kushuka, uchumi uliongeza kazi mpya zipatazo 782,300, na takriban tisa katika kila kumi zilikuwa za juakali. Fundi wa umeme anayeanza juakali hana faida kubwa kuanzia Nairobi, ambako hana wateja wanaomjua na analipa kodi ya nyumba tangu usiku wa kwanza.

Kwa hiyo mwulizeni ndugu yenu mambo matatu: mwajiri ni nani, anataka mtu wa kuanza lini, na atamlipa kwa siku au kwa mwezi. Akiwa na majibu, mpeni kijana nauli. Akiwa hana, kijana atume maombi yake akiwa Bungoma, na nauli hiyo mnunulie koleo, bisibisi na kipima umeme, kisha mmwombe fundi mwenye kazi mjini hapo au Kakamega amchukue kama msaidizi. Baada ya miezi sita atakuwa na watu wa kumshuhudia, na mwajiri wa Nairobi anayeogopa gharama ya kumwandika mtu asiyemjua atakuwa na mtu wa kumpigia simu.